Acheni kusema Tanga hakuna Muggle

Jumamosi tena. Kijana kaleta mswada wake wa fantasia, kurasa arobaini, jamii ya wachawi imejificha hapa hapa Tanga mjini, nikamuuliza mbona humu ndani sioni mtu wa kawaida hata mmoja, akaniambia "dada, Tanga hakuna Muggle, huku kila mtu anaamini haya mambo." Wenzake wote wakacheka. Nahariri hadithi za namna hii miaka sasa na hiyo sentensi nimeisikia mpaka basi, kwa hiyo leo naiandika nimalizane nayo.

Muggle, neno la J.K. Rowling kwenye vitabu vyake vya Harry Potter, sio mtu asiyeamini. Muggle ni mtu asiyeweza. Uamini usiamini, ukishika fimbo ya uchawi isitoe hata cheche basi wewe ni Muggle, na kwa Rowling iko hivyo tangu kitabu cha kwanza cha 1997. Na Squib, yule aliyezaliwa na wachawi akakosa uwezo, kama Bi Figg jirani wa Harry, huyo si Muggle, msichanganye tena tafadhali.

Mimi darasani badala ya Muggle natumia "mtu baki". Nalipenda kwa sababu linasema ukweli, kwamba huyu hayumo kwenye ukoo wa jambo lenyewe. Lakini lina kasoro na kasoro yake ndio inayoninyima usingizi, manake chukua Petunia, mama mkubwa wa Harry. Mdogo wake Lily, mama yake Harry, ana uwezo, yeye hana. Akiwa mtoto aliandika barua kuomba na yeye apokelewe kwenye shule ya wachawi, akakataliwa kwa upole, hilo tunaambiwa kwenye kitabu cha saba, 2007. Huyu ANAAMINI jamani! Anajua mpaka walinzi wa gereza la wachawi wanaitwaje! Alafu mdogo wake anauawa, mtoto wake Harry anakutwa mlangoni usiku, na yeye kama mama mkubwa anamchukua, bila upendo, anamlaza kabatini chini ya ngazi, namlaumu sana kwa hilo, ila amemchukua. Na kile kinga kikubwa kuliko vyote cha kumlinda huyo mtoto, kile ambacho wachawi wazima na madigrii yao hawakuweza kukijenga peke yao, kimesimama juu ya damu ya Petunia na juu ya mtoto kuendelea kuita nyumba ile kwao, mpaka atimize miaka 17. Nyumba ya mtu baki. Sasa utaniambia huyu kazi yake kwenye hadithi ni kushangaa? Na utamwitaje mtu baki wakati mtoto ni damu yake? Sijapata neno bora, natumia hilo hilo huku linanikera.

Au wazazi wa Hermione, rafiki yake Harry, watu baki, madaktari wa meno. Binti yao anawafuta kumbukumbu kuwalinda, wanaenda Australia hawajui kama waliwahi kuzaa. Vijana mnasoma pale mnasifia ujanja wa binti, sawa ni jasiri, lakini hakuna anayesimama kuuliza wale wawili wameibiwa nini. Kwenye miswada yenu kufuta kumbukumbu mnakutumia kama dasta, mtu baki kaona, pangusa, tuendelee. Kila ukipangusa umemchukulia mtu siku yake, angalau mwandishi ujue umechukua.

Tuje Tanga sasa, manake hapa ndipo lile kosa linapoua hadithi. Wale wachawi wa vitabuni wana sheria yao ya usiri ya 1692, na wanachoficha ni kwamba uchawi upo. Basi. Siri yote ni KUWEPO kwake. Hamishia hiyo Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga, uone. Mama anayekaanga mihogo barabarani umemfuta kumbukumbu, umemfuta nini? Alichoona jana usiku, haya, lakini kwamba mambo hayo yapo kaambiwa na bibi yake kabla hajajua kusoma. Watu wanaingia mapango ya Amboni na sadaka zao mchana kweupe. Mganga anabandika tangazo kwenye nguzo ya umeme na namba ya simu juu, nenda Dar es Salaam ukahesabu mara ngapi utasoma "mganga kutoka Tanga". Hakuna cha kuficha hapo. Kwetu kinachofichwa ni NANI ndiye mchawi.

Na hilo linageuza kila kitu, ndio maana nakasirika mtu akiniambia hatuna watu baki, tunao tena wengi na wana kazi nzito kuliko wale wa Rowling kule London. Wa London anashtuka. Wetu hashtuki, anajihadhari. Kasikia jina lake linaitwa nje saa tisa usiku, haitiki. Kamwona jirani mahali ambapo jirani hakutakiwa kuwepo, asubuhi wanakutana bombani, anampa shikamoo yake kama kawaida, na mwezi wa Ramadhani sahani ya futari inavuka uchochoro vilevile. Siri ya wachawi wa Tanga inatunzwa na huyo mama kila siku kwa mdomo wake, sio na kikosi cha wizara ya wachawi kama vitabuni. Akichoka kunyamaza siri imekwisha.

Na sio mimi niliyegundua hili. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, 1909, kaandika Adili na Nduguze. Adili si jini na hana uwezo wowote, lakini kila usiku anawachapa manyani wawili, ndugu zake waliogeuzwa, kwa amri ya jini Huria, na asipochapa adhabu inamrudia yeye. Kafungwa na sheria ya jamii ambayo si yake. Na Ikibali, mjumbe wa mfalme, akiliona lile jambo hasemi haiwezekani, analipeleka kwa mfalme. Watu baki wawili, na hadithi nzima inatembea kwa miguu yao.

Sasa mahali ambapo mimi mwenyewe nakwama. Hadithi inayosukumwa na swali la nani, haichukui muda inakuwa hadithi ya kunyoosha kidole. Na nchi hii tunajua kidole hicho kimefanya nini, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho ni moshi wa jikoni. Tuna Sheria ya Uchawi ya tangu 1928, enzi ya Mwingereza, na ndani yake hata kumtaja mwenzio kuwa mchawi ni kosa. Kwa hiyo nikimwambia kijana aandike siri ya nani, namsukuma wapi? Nimejaribu kuwaambia waanze na mtu baki anayejua na anaamua kutotaja, aamue mbele yetu, tuone inamgharimu nini. Kuna miswada imetoka vizuri hivyo, mingine imegeuka kesi ya mtaa. Sina kanuni ya kuwapa.

Yule kijana nimemrudishia kurasa zake zote arobaini, nikamwomba moja tu mpya: mama wa mihogo yuko bombani, jirani anakuja na ndoo, wote wawili wanajua. Nani anasalimia kwanza. Kaniahidi Jumamosi.