Alamu ya saturasio ya mutoto aliyezaliwa na myezi saba: ju ya nini inalia hata kama namba iko juu?

Mama mumoja aliniuliza, tena na hasira kidogo: "Muganga, mutoto wangu alikuwa 84 mukamuwekea oksijeni, sasa amefika 99, mashine inalia, na weye unapunguza oksijeni, munataka nini kwanza?" Swali la maana kabisa, kwa masomo 99 ni pointi za kushangilia, ila kwa mutoto wa kuvezi (kale kasanduku ka joto ka watoto waliozaliwa mbele ya wakati) mwenye oksijeni puani hapana.

Himoglobini ni kile kitu chekundu ndani ya damu ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni, na saturasio ni asilimia yake yenye imebeba oksijeni. Kile kidude chenye taa wanachofunga kwa mguu kinapitisha mwanga mwekundu na mwingine ambao macho hayaoni, damu yenye oksijeni na isiyokuwa nayo hazinywi mwanga sawasawa, mashine inahesabu, njo unaona namba. Sasa mipaka ya alamu ni namba mbili ambazo sisi watu tunaweka: ikishuka chini ya hii lia, ikipita hii lia pia. Kwa mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati na anapewa oksijeni, mara nyingi tunalenga 90 mpaka 95, kwa hiyo alamu ya chini inakaa 88 ao 89, ya juu 95 ao 96.

Ya chini kila mutu anaielewa. Ya juu njo inasumbua. Mishipa ya damu ya nyuma ya jicho inamaliza kukua karibu na siku za kuzaliwa za kawaida, mutoto wa wiki 28 bado sana, oksijeni ikizidi inaisimamisha, halafu baadaye inaanza kuota ovyo na inaweza kuvuta retina (ngozi ya ndani ya jicho yenye kupokea mwanga) mpaka mutoto anabaki kipofu. Miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 watoto wengi sana wa Marekani na Ulaya walipofuka vile, kisha waganga wakaibana oksijeni kupita kiasi na wengine wakafa ju ya kuikosa. Hata utafiti wa miaka hii ya 2000 uliolinganisha saturasio ya 85–89 na ya 91–95 ulionyesha hivyo hivyo, upande wa chini macho yalipona zaidi lakini vifo vikaongezeka. Na kuna jambo lingine: himoglobini ikishajaa namba inabaki 99 ao 100 hata oksijeni ikizidi kupanda, mashine haiwezi tena kukuambia imezidi kiasi gani. (Mutoto anayepumua hewa ya kawaida tu, 99 yake haina shida, alamu ya juu tunaitoa.)

Shida kubwa ni kwamba inalia mingi. Mutoto anarusha mguu, mguu umepoa, jua la dirisha limepiga kidude, yote inalia, na masikio ya muganga yanazoea, siku ya kweli anachelewa. Kuifunga sauti si dawa. Mimi naanza na mutoto, rangi yake, kifua kinapanda ao hapana, kisha naangalia kama mawimbi ya mapigo ya moyo kwa mashine ni mazuri, halafu njo namba. Kama amesahau kupumua, nampapasa kwa nyayo, mara nyingi anarudi pekee yake bila kuguswa kwa oksijeni. Ukiongeza, usiondoke, maana akirudi atapanda mpaka 100 na weye uko kwa kitanda kingine.

Hapa Goma tuko kama mita 1,500 juu, hewa ni nyepesi, watu wazima wazima kabisa wanaweza kuwa na 95, basi usishituke. Umeme ukikatika na mashine ya kutengeneza oksijeni ikazima, hapo ndiyo, shituka.

Yule mama nilimuonyesha robine ya oksijeni. Nikashusha kidogo, tukangoja, 97, kisha 94, alamu ikanyamaza. Akauliza kama anaweza kumuweka kifuani sasa, nikamwambia ndiyo, paka ule uzi wa mguu asiuvute.