Presha haisomwi kwa kipimo kimoja

Asubuhi moja ya Julai, Moshi ikiwa na baridi yake, shangazi aliingia kutoka soko la Kiborloni na furushi lake la mitumba. Hata hajatua vizuri, "Mwanangu, hebu nipime." Nikamfunga mkanda juu ya sweta. Mashine ikasoma 158/96. Akashika tama: "Kumbe na mimi nina presha!"

Nikamwomba turudie. Akaenda chooni, akavua sweta, akakaa kimya dakika 5, mgongo kwenye kiti, nyayo zote mbili chini, mkono mezani usawa wa moyo. Ikasoma 134/82. Nusu saa ilikuwa haijapita.

"Mashine ikishatoa namba, hiyo ndiyo presha yangu"

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, maana wapo wanaotishika bure na wapo wanaojipa moyo bure. Presha hubadilika kutwa nzima. Mkanda juu ya nguo, mkono unaoning'inia, kukunja nne, mkojo uliokubana, maongezi wakati mashine inajaza upepo: kila kimoja kinaweza kuipandisha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao hivyo hivyo. Kahawa, ambayo huku kwetu haikosekani, na sigara, viache nusu saa kabla.

Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni tena, kwa siku 7. Andika zote, hata zile usizozipenda. Namba za siku ya kwanza ziache, zilizobaki zitafutie wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni wa kumpelekea daktari.

"Namba ya juu ni presha ya kupanda, ya chini ni ya kushuka"

Hapana. Ya juu ni msukumo wa damu moyo unapojikamua. Ya chini ni msukumo uliobaki moyo unapolegea kabla ya pigo linalofuata. Moja tu ikizidi, inatosha kufuatiliwa. Namba ya tatu kwenye mashine ni mapigo ya moyo kwa dakika.

"Kichwa hakiniumi, niko salama"

Wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote.

"Sasa inasoma vizuri, dawa naacha"

Inasoma vizuri kwa sababu unazimeza. Usiache bila daktari.

Ukiona 180/120 au zaidi, pumzika dakika 5, urudie. Ikibaki hapo, mtafute daktari siku hiyo hiyo. Lakini kama kifua kinabana, pumzi inakata, ulimi ni mzito, macho hayaoni vizuri au upande mmoja umelegea, usisubiri kurudia: hospitali, sasa hivi.

Shangazi alijaza kurasa mbili za daftari la mjukuu wake. Wastani ukatoka 138/86. Akaenda nalo kliniki, na daktari akaanza na vipimo 24 badala ya kimoja.