Kuwa na picha ya utupu kwenye simu sio kuisambaza, nirudie mara ngapi?

Juzi hapa Mbeya nimepanda bajaji Mafiati naenda Mwanjelwa, dereva na abiria wa mbele wanapiga stori za koneksheni, yaani vidio ya utupu iliyovuja, ya mtu fulani, mara abiria anamwambia mwenzie kwa uhakika wote wa dunia, "futa hiyo kaka, ukikutwa nayo kwenye simu ni miaka saba." Nikanyamaza, nimechoka. Jioni ananipigia fundi simu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, "Wakili shikamoo, eti nikikutwa na picha za utupu za wateja ni miaka saba?" Kesho yake kijana wa field ofisini kwangu, mwaka wa tatu wa sheria jamani, ananiuliza hivyohivyo, na yeye hata haulizi, anathibitisha. Ndo nimekaa chini kuandika.

Hiyo miaka saba ipo, sio kwamba watu wameiota. Ni kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Faini isiyopungua milioni 20 au jela isiyopungua miaka 7 au vyote, na kama ponografia yenyewe ni ya kupitiliza inapanda, milioni 30 na miaka 10. Lakini soma kitenzi! Kuchapisha, au kusababisha kuchapishwa, kupitia mfumo wa kompyuta. Hakuna kitenzi "kuwa nayo" pale. Ukienda Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 175, humo "kuwa nazo" unaikuta, ila imefungwa kamba: kwa ajili ya biashara, au kusambaza, au kuonyesha hadharani. Hayo maneno "kwa ajili ya" ndo kesi nzima, mwendesha mashtaka ayathibitishe, na mimi hapo ndo napata hela ya kula. Picha za watoto ni habari nyingine na sitaki mtu aniletee ujanja kwenye hizo. Na usije na ile ya "mimi nilifowadi tu kwenye grupu la familia", ukifowadi umesambaza, tusisumbuane.

Sasa nikishasema hivyo anatokea wa pili, huyu ndo ananiudhi zaidi. "Basi waweke sheria ya kukataza hata kuwa nazo, mbona Uingereza wamefanya."

Wamefanya, ndio. Na waraka wao ndo zoezi ninalowapa vijana wote wa field wanaokuja ofisini: jifanye uko kule Agosti 2005, serikali imetoa karatasi ya kukusanya maoni kuhusu kuwa na picha za ngono za kikatili, una mpaka mwanzoni mwa Desemba, andika majibu. Chanzo chake kilikuwa mauaji ya mwanamke mmoja 2003, aliyeuawa na mtu ambaye alikuwa anashinda kwenye tovuti za aina hiyo, mama wa marehemu akaendesha kampeni, saini zikakusanywa kwa maelfu. Huwezi kumkejeli mama yule, mimi siwezi. Lakini vijana wangu wote wanaanza na "maadili", ama kuyatetea ama kuyaponda, kurasa tatu, na hakuna hata mmoja anayefika kwenye aya ambayo serikali yenyewe ilikiri kwamba haina ushahidi wa kutosha kusema picha zile zinamfanya nini mtu anayeziangalia kwa muda mrefu. Iko humohumo kwenye waraka wao! Unapewa kisu kwa mpini wake halafu unaanza kuhubiri.

Kukusanya maoni sio kura. Ukiandika "napinga vikali" unahesabiwa kwenye rundo la wanaopinga vikali, basi, wanakushukuru. Kinachomsumbua mwandishi wa sheria ni swali ambalo akishindwa kulijibu leo atalijibu mahakamani kesho. Kwa mfano hili, linanikera mpaka usingizini: nani kasema hii picha "inachukiza"? Sheria iliyokuja kupitishwa baada ya waraka ule, ya 2008, kifungu cha 63, iliyoanza kutumika Januari 2009, inataka picha iwe imetengenezwa hasa kwa kuamsha ashki, ionyeshe tendo la kutishia maisha au kuumiza vibaya sehemu za siri au matiti au njia ya haja kubwa, au ngono na mnyama au maiti, ionekane ya kweli, na juu ya hayo yote iwe ya kuchukiza mno. Mimi bibi yangu wa Rungwe alikuwa anachukizwa na suruali.

Halafu kuna hili. Kama kipande kiko ndani ya filamu iliyopitishwa na bodi yao ya filamu, filamu nzima unaruhusiwa kuwa nayo. Ukikata kipande kilekile ukakiweka peke yake, na ikaonekana umekikata kwa ajili ya ashki, kinga imekwisha. Picha haijabadilika hata nukta! Kilichobadilika ni tunachodhani ulikuwa unawaza. Na kuna matendo ambayo watu wazima wawili wanaweza kuyafanya bila kosa, lakini wakiigiza tu mbele ya kamera na ikaonekana kweli, ile rekodi inaweza kuwa kosa. Nikimweleza mzee mmoja wa baraza hapa alisema, "sasa hiyo ni sheria ya kamera au ya watu?" Sikuwa na jibu, nikamnunulia chai.

Unataka kuona inavyofanya kazi? Wrexham, kule Wales, 2009, mwanaume kashtakiwa kwa klipu ya mwanamke na chui milia. Miezi inapita, jina lake limeshachafuka, ndo mtu anakumbuka kuwasha sauti: chui anaongea. Ni klipu ya utani, mkia wa mwaka kesi ikafutwa. Na klipu yenyewe alitumiwa na washkaji, kama sisi tunavyotumiwa upuuzi kila asubuhi. Mawaziri walikisia kesi 30 hivi kwa mwaka. Miaka michache baadaye zikawa zinapita elfu moja kwa mwaka, nyingi za wanyama, sio ule ukatili ulioliza taifa.

Kinga walikumbuka kuweka, niwe mkweli. Ukitumiwa bila kuomba na hukukaa nayo kwa muda usio wa busara, unapona. Haya, niambie wewe, muda wa busara ni upi kwenye simu ambayo WhatsApp inadaunlodi yenyewe usiku na ina picha elfu tisa? Siku mbili? Kama sijaifungua je? Na fundi wangu wa Mwanjelwa, anayefanya bakapu ya simu ya mteja kabla ya kuiflashi, ana laptop imejaa maisha ya watu mia. Na mimi mwenyewe, ushahidi wa mteja uko kwenye flashi mezani. "Sababu halali" itatuokoa, ndio, baada ya kukamatwa. Kwetu mkuu wa kituo anaweza kuamuru simu yako ikachukuliwe na kupekuliwa, kifungu cha 31 cha ileile sheria ya mtandao, haendi kwa hakimu kwanza. Sasa mpe na kosa la kuwa na picha. Ibara ya 16 ya Katiba kuhusu faragha itabaki kwenye karatasi, na bei ya kuachiwa pale barabarani mtajua wenyewe.

Ila kuna sehemu nakwama na sitaki kuificha. Picha ya mtoto nakubali kuwa nayo liwe kosa, kwa sababu picha yenyewe ni mabaki ya uhalifu aliofanyiwa mtu. Sasa vidio ya mwanamke aliyebakwa kweli, si ni hivyohivyo? Waingereza 2015 waliongeza ubakaji kwenye orodha, lakini wanakamata hata wa kuigiza. Ningekuwa nimejibu waraka ule ningesema weka kipimo kwenye mtu aliyeumizwa, sio kwenye kuchukiza. Sawa, na dada ambaye picha zake ziko kwa mchumba aliyeachana naye, hajazisambaza, amenuna nazo tu? Sheria hiyohiyo yao ya 2015, kwenye picha za kulipiza kisasi, iliadhibu kusambaza, sio kuwa nazo. Kichwani naielewa. Dada akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisi yangu analia, inanishinda kuieleza.

Fundi nilimwambia afute bakapu mteja akishachukua simu. Akasema wengine hawarudi, kuna simu iko pale tangu mwaka juzi. "Nayo nifute, Wakili?" Nimemwambia asiiwashe kwanza, nafikiria.