Kidonda cha mdomoni kisichopona: maswali kuhusu kansa ya mdomo

Kidonda kikikaa siku ngapi ndo niwe na wasiwasi?

Wiki mbili. Ngozi laini ya ndani ya mdomo inajijenga upya haraka, ndo maana ukijing'ata ulimi baada ya siku chache umeshasahau, sasa kama wiki mbili zimepita na kidonda kipo palepale nenda kwa daktari wa meno akiangalie. Vingi vinakuwa sio kansa ila kuangaliwa ni lazima.

Mbona changu hakiumi kabisa, si ndo afadhali?

Hapana jamani, na hapa ndo wengi wanaponzeka. Kansa ya mdomo ikianza mara nyingi haiumi. Kile cha kawaida ndo kinakutoa machozi ukila pilipili, hiki kingine kimetulia tu, kingo zimeinuka kidogo na ukikibonyeza kwa kidole unasikia ugumu chini yake. Maumivu yanakuja baadaye ikishachimba, na yanaweza kupanda mpaka sikioni, mtu anahangaika na dawa za sikio kumbe shida iko kwenye ulimi.

Nijiangalieje?

Kaa mbele ya kioo, washa tochi ya simu, toa meno bandia kama unayo. Ushike ulimi na kitambaa safi uuvute kulia kisha kushoto uone pembeni mpaka kule nyuma, halafu uunyanyue uguse juu ya kinywa uone chini yake, maana pembeni ya ulimi na chini yake ndo inapojificha sana. Tafuta baka jeupe lisilofutika, na zaidi baka jekundu, hilo ndo la kuliogopa kuliko jeupe. Pia uvimbe, jino linalolegea bila sababu, mdomo wa chini kufa ganzi, au tezi shingoni isiyoisha.

Sasa kwanini watu wanagundulika wamechelewa hivyo?

Inaanza na sisi wenyewe, tunasema ni jino limekwaruza, tunanunua dawa ya kusukutua, kikipungua kidogo tunasema kimepona, kikirudi tunaanza upya, na miezi inakatika hivyo hivyo. Wavutaji wengi hawaendi kwa kuogopa kugombezwa, wengine wanahisi kabisa ni nini ila wanaogopa kuambiwa. Lakini tusimbebeshe mgonjwa lawama zote! Wapo wanaofika mapema wakapewa antibiotiki, wakarudi wakapewa nyingine, au wakang'olewa jino lililolegea na lile shimo likakataa kupona, na katika safari zote hizo hakuna aliyewanyanyua ulimi akatazama chini. Hilo linaniuma sana kwa sababu kutazama ni dakika chache tu, na mdomo hauko ndani kama kongosho, unafunguliwa unaonekana.

Mimi sivuti wala sinywi, niko salama?

Hatari yako ni ndogo, sio sifuri. Vinavyoongoza ni sigara, ugoro, tumbaku ya kutafuna, tambuu yenye popoo, na pombe, na mtu anayevuta huku anakunywa hatari inazidi sana kuliko kimoja peke yake. Ila wapo wanaoipata bila hata kimoja, na hao wanaweza kuchelewa kwa sababu hakuna anayewafikiria, hata wao wenyewe.

Nasikia wakikata kinyama ili kupima, kansa inasambaa, kweli?

Sio kweli. Wanachoma ganzi, wanakata kipande kidogo, kinaenda maabara, na bila hicho kipimo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni kansa au sio.

Ikiwahiwa inapona?

Ndio. Takwimu za Marekani zinaonyesha ikikutwa bado haijatoka pale ilipoanzia, zaidi ya 8 kati ya 10 wanakuwa hai miaka 5 baadaye, ikishafika viungo vya mbali hawafiki nusu. Mwaka 2022 dunia nzima walipatikana wagonjwa wapya karibu 390,000 wa kansa ya midomo na kinywa, waliokufa walikuwa kama 188,000.

Nimeshamaliza dozi mbili na kidonda bado kipo, nifanyeje?

Usikubali dozi ya tatu. Rudi, mwambie daktari tarehe kilipoanza na dawa zote ulizotumia, kisha uliza waziwazi, "naweza kupimwa kinyama?" Kama hapo hawafanyi omba barua ya rufaa siku hiyohiyo.