Akili ya hisia si kuvumilia uonevu: dhana potofu miongoni mwa wauguzi

Dhana: Muuguzi mwenye akili ya hisia huvumilia kila jambo na hachoki.

Kauli hii huletwa na wauguzi wanaokuja kupata ushauri nasaha, na mara nyingi zaidi na wasimamizi wanaowatuma, kiasi kwamba sasa inanikera. Peter Salovey na John Mayer, walipoifafanua akili ya hisia mwaka 1990, walizungumzia uwezo wa kutambua hisia zako na za wengine, kuzipambanua, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo, kunyamaza hakumo. Muuguzi anayefokewa mbele ya wagonjwa, anayefichwa taarifa wakati wa kukabidhiana zamu au anayepangiwa zamu za usiku mfululizo kama adhabu, kisha akatabasamu ilhali moyo unamchemka, ameficha hisia tu, na tafiti nyingi zimehusisha tabasamu la namna hiyo na uchovu wa kihisia. Akili ya hisia humwezesha kutambua mapema kwamba hasira yake ina sababu, kuchagua maneno ya kumkabili mhusika, na kuamua wakati wa kulalamika rasmi. Ushauri wangu, ambao wengine wameshauzoea, ni kuandika siku hiyohiyo tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo. Ajabu ni kwamba anayefoka ndiye mwenye upungufu wa akili hiyo, lakini semina hupelekwa anayefokewa.

Dhana: Likizo huponya uchovu sugu wa kazi.

Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, mwongozo wake wa kimataifa wa kuainisha magonjwa na hali za kiafya, linaueleza uchovu huo kuwa matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa ipasavyo, wala haliuainishi kama ugonjwa. Likizo hupumzisha mwili, lakini anayerudi katika wodi ileile yenye upungufu wa wauguzi, chini ya mnyanyasaji yuleyule, hawezi kutarajia nafuu ya kudumu.

Dhana: Uonevu hutoka kwa madaktari na wakubwa tu.

Hutoka pia kwa muuguzi wa cheo kilekile, kwa kumsengenya na kumtenga mwenzake. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, hauangalii cheo, na unawalinda hata walio katika mafunzo.

Dhana: Ukali humkomaza muuguzi mpya.

Humfundisha kuogopa kuuliza, hata pale asipokuwa na uhakika wa dozi.