Kiuno kinachouma tangu msimu wa korosho: maswali na majibu

Korosho zikishaingia ghalani, wagonjwa wa kiuno huongezeka. Kazi yangu ni fiziotherapia, niko Mtwara, na maswali haya huulizwa na watu wa Newala, Tandahimba, Masasi, hata wa Ruangwa na Nachingwea upande wa Lindi.

Kiuno kinaniuma mwezi wa nne sasa. Mmoja ananiambia ni figo, jirani anasema ni chango. Ni nini hasa?

Pole sana, mama. Maumivu ya kiuno yakipita miezi mitatu tunayaita sugu. Kwa watu wengi, kama 9 kati ya 10, hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kusontwa kidole: misuli, viungo vidogo vya pingili na diski zilizo kati yake huchangia kwa pamoja. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa, na asikudanganye mtu kwamba unayawaza tu.

Figo ikiuma, mara nyingi huuma upande mmoja, juu kidogo chini ya mbavu, na haijali umeinama au umesimama. Huja na homa, kichefuchefu, au mkojo unaounguza. Kipimo cha mkojo ni rahisi, kaombe. Na kwa kuwa kichocho kipo ukanda wetu huu, damu kwenye mkojo usiiache hata kama kiuno kimepona.

Hilo la chango nalo nalichukulia kwa uzito. Kama kiuno kinabana zaidi siku za hedhi, au unatokwa na uchafu wenye harufu, au unaona damu baada ya tendo la ndoa, sema bila kuona haya. Kizazi kina magonjwa yanayoumiza kiuno, na saratani ya shingo ya kizazi ni mojawapo.

Mama mmoja mkulima nilimwomba anioneshe anavyookota korosho. Alisimama magoti yamenyooka, akainama kuanzia kiunoni, mkono mmoja umeegemea paja. Akaokota bibo, akanyofoa korosho, akaitupa kwenye ndoo, akasogea hatua mbili akiwa ameinama vilevile. Nikamuuliza, "Unanyanyuka lini?" Akasema, "Ndoo ikijaa." Kisha ndoo inakwenda kichwani. Kuinama si kosa, mgongo umeumbwa uiname. Kinachouchosha ni kuinama muda mrefu bila kunyanyuka, siku baada ya siku, kwa mwili uliokuwa umepumzika miezi mingi. Hiyo picha ya shambani ilinieleza mengi kuliko faili lake lote.

Kwa nini hamnipigi eksirei ili chanzo kijulikane?

Kwa sababu eksirei huonesha mifupa. Misuli, diski na mishipa ya fahamu haionekani humo. Zaidi ya hapo, ukimpiga mtu wa miaka 50 asiyeumwa popote, unaweza kukuta pingili zimechakaa. Ni kama mvi za ndani. Nimeona watu wakiambiwa "mgongo wako umesagika" wakaacha kulima, wakaacha hata kutembea, wakazidi kuumia. Picha inafaa pale maelezo yako na vipimo vya mkono vinapoashiria jambo.

Jambo gani, kwa mfano?

Hapa naomba usome taratibu. Ukipata ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, mkojo au choo ukashindwa kukizuia, mkojo ukagoma kutoka, au miguu ikaanza kulegea, usisubiri asubuhi. Mishipa ya fahamu imebanwa, na kila saa ina thamani yake.

Wengine wanaotakiwa kuchunguzwa mapema ni wenye homa au jasho la usiku, wanaokonda bila sababu, waliowahi kuugua saratani, na walioanguka, tuseme kutoka juu ya mnazi. Mzee mwenye maumivu mapya yasiyotulia hata akilala naye asipuuzwe, kwani tezi dume ikiwa na saratani huweza kusambaa hadi kwenye pingili. Kifua kikuu nacho huingia kwenye uti wa mgongo, na mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Kikicheleweshwa huacha kibyongo au kupooza. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Mimi ni bodaboda. Maumivu yanatoka kiunoni, yanapita kwenye tako hadi unyayoni, kama moto.

Huo ni mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, mara nyingi unasumbuliwa na diski iliyotokeza. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa bila upasuaji. Shuka kwenye pikipiki kila baada ya safari, tembea kidogo. Unyayo ukianza kuburuta, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nameza diklofenaki kila siku, inanisaidia. Kuna ubaya?

Siku chache, baada ya kula, kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, presha wala shida ya figo, sawa. Miezi minne mfululizo, hapana. Hutoboa tumbo na kuharibu figo zilezile ulizokuwa ukizihofia. Mjamzito asiinunue mwenyewe kabisa.

Basi nilale mpaka kipone?

La. Kulala siku nyingi hulegeza misuli. Tembea dakika chache asubuhi na jioni, ukiongeza kila wiki. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga hutuliza, na kuchuliwa taratibu hakuna shida, ila asikukanyage mtu mgongoni. Jioni lala chali mkekani, kunja magoti, nyanyua makalio, hesabu hadi 5, shusha. Mara 10. Siku za mwanzo utasikia kuvuta, hilo ni la kawaida.

Nikifika zahanati niseme nini?

Usiishie kwenye "kiuno kinauma". Sema kilianza lini, ulikuwa ukifanya nini, kinashuka mguuni au hakishuki, usiku kikoje, mkojo na choo vikoje, umepungua uzito au la, na dawa zote ulizotumia, za dukani na za mizizi. Ukihitaji rufaa, hospitali za mkoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Beba na vyeti vya vipimo vya nyuma, usije ukalipia kipimo kilekile mara mbili.