Kabla hujashusha gia boksi: klachi inateleza kweli?

Kirikuu, pikapu ndogo ya mizigo, ililetwa gerejini kwetu hapa Kizota, Dodoma, ikiwa na makreti matupu ya zabibu nyuma. Mwenyewe hubeba mzigo kutoka Mpunguzi kuja mjini. "Fundi, klachi imekufa. Nimeshaambiwa ninunue seti nzima," akasema. Seti nzima ni pleti, presha pleti na rilizi beringi, na juu yake kuna ufundi wa kushusha gia boksi. Nikamuuliza aliyemwambia alipima nini. Hakuna alichopima. Alisikia injini inapiga resi, basi.

Nikamwomba ufunguo, maana kuna jambo moja ambalo nataka kila mwenye gari la manyuo alielewe kabla hajatoa hela yake.

Pleti ya klachi ina ferodo, lile tabaka la msuguano, pande zote mbili. Imebanwa kati ya flaiwili, inayozunguka na injini, na presha pleti. Ikibanwa sawasawa, injini na shafti ya gia boksi huzunguka pamoja. Kwa hiyo ukiwa ndani ya gia moja, mizunguko ya injini na mwendo wa gari ni ng'ombe wawili wa nira moja. Tuseme gari lako likiwa namba tano kwenye kilomita 80 kwa saa, injini huzunguka mara 2,500 kwa dakika. Tambarare au mlimani, tupu au na mzigo, namba tano na 80 ni 2,500. Siku utakayoona 80 ile ile, gia ile ile, mshale wa mizunguko umepanda hadi 3,000, pleti inateleza.

Injini dhaifu haifanyi hivyo. Filta ya mafuta ikiziba, au breki ikishikilia tairi, gari linakuwa zito na mishale yote miwili inashuka pamoja. Nimeona klachi nzima ikitupwa kwa kosa la filta, na inaniuma kila mara, kwa sababu mara nyingi anayelipa ni mtu anayeishi kwa gari hilo hilo.

Sasa kupima. Usipime kwa namba moja. Gia ndogo huipunguzia injini kazi, na klachi iliyochoka bado itaondoa gari vizuri tu. Utelezi huanza kujionyesha kwenye gia kubwa, injini ikiwa na mzigo. Ndiyo maana madereva wa huku huugundua wakipanda Saranda kuelekea Manyoni. Si lazima ufike huko. Mimi hutoka nje ya mji kuelekea Nala, nasubiri barabara iwe wazi mbele na nyuma, naweka namba nne kwenye mwendo wa 50 hivi, kisha nakanyaga mafuta mpaka chini. Klachi nzima: gari linajivuta polepole, mlio unapanda pamoja na mwendo. Klachi inayoteleza: mlio unaruka, mwendo unabaki pale pale, na mara nyingine harufu ya ferodo iliyoungua inafuata.

Wapo wanaopenda kupima gari likiwa limesimama: handibreki, namba tatu, unaachia klachi uone kama injini itazima. Isipozima, klachi imekwisha kabisa. Lakini ikizima haijasafishwa na lawama, kwa hiyo siutegemei sana. Wala usiurudierudie, unaichoma pleti.

Kirikuu ile haikuwa na mshale wa mizunguko. Nilitumia sikio, na kweli iliteleza. Hapo wengi huchukua spana wakaingia chini. Mimi huanza na pedali.

Springi ya presha pleti ina vidole ambavyo rilizi beringi huvisukuma unapokanyaga. Ferodo ikilika, presha pleti husogea upande wa flaiwili, na vidole hurudi nyuma kuifuata beringi. Kwenye klachi ya kebo, ile plei ya pedali, yaani mwendo wake wa bure kabla haijaanza kusukuma, hupungua hadi kwisha. Ikiisha, beringi inaegemea vidole muda wote, kama vile dereva hajawahi kutoa mguu. Pleti haibanwi vizuri, inateleza, inapata moto, inalika zaidi.

Ya kirikuu haikuwa na plei hata kidogo. Mtu alikaza nati ya kebo akitaka gia ziingie kirahisi. Niliilegeza mpaka pedali ikawa na sentimita mbili hivi za bure, kipimo ambacho kinafaa magari mengi ya kebo, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye kauli. Tukapakia mzigo, tukarudi barabarani. Ikashika. Nilimwambia ukweli, kwamba pleti imeshapata moto na maisha yake yamepungua, ila hana haja ya kununua seti leo.

Klachi ya haidroliki, ile inayosukumwa na mafuta badala ya kebo, ina ugonjwa unaofanana: pistoni ya masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, isiporudi mwisho, mafuta hayo yanabaki na presha. Fungua nipo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na klachi ikashika, shida iko juu, si kwenye pleti.

Yakishindikana hayo, shusha gia boksi, lakini mulika kwanza chini ya kengele yake, lile kava linaloifunika klachi, kama kuna oili. Oili nyeusi ni ya injini, inatoka sili ya nyuma ya krenki. Ile nzito yenye harufu ya salfa ni ya gia boksi. Mwaka jana nilipokea pikapu iliyofungwa pleti mpya kwingine, ikaanza kuteleza ndani ya miezi miwili. Pleti ilikuwa nene kabisa, imelowa oili. Sili ya krenki iliachwa ile ile ya zamani. Ferodo iliyokunywa oili haioshwi kwa petroli ikapona, kwa hiyo mwenye gari alinunua pleti ya pili, safari hii pamoja na sili.